Daftari la Wiki: Mshipi Umepanda Mashua

Sisi wavuvi wa ndoano wa Busia na Tororo tumebahatika kuwa na mito miwili ya kujifunzia. Mto Malaba unateremka kutoka Mlima Elgon, unapita mpakani, kisha maji yake yanaelekea Mpologoma na hatimaye Ziwa Kyoga. Mto Sio nao unatoka Bungoma na kumwagika katika Ghuba ya Berkeley ya Ziwa Victoria, Majanji ikiwa upande wa Uganda na Sio Port upande wa Kenya. Nimeivua mito hiyo tangu ujana, miguu ikiwa ukingoni, na mwaka huu nimeingia kwenye mashua. Wasomaji kadhaa wameniomba niandike vifaa ninavyovipendelea. Wiki hii daftari ni lao.

* * *

Mwanzi wa mtoni ubaki mtoni. Kwa kambare wa Malaba, mwanzi mrefu, nailoni na chubwi ndogo vinatosha, maana kazi kubwa ni kufikisha chambo nje ya matete. Ndani ya mashua urefu huo ni adha tupu: ncha inamgonga mwenzako, na samaki akifika ubavuni huwezi kumsogeza. Natumia fimbo fupi, ngumu kiunoni na laini nchani, na rili kubwa inayobeba uzi wa kutosha. Uzi wenyewe ni wa kusokotwa kwa sababu hauvutiki; mbuta akigusa tu, mkono unajua.

Ila uzi wa kusokotwa hauvumilii kukwaruzwa, na mbuta ana miiba mikali pembeni mwa shavu na vimeno vidogo vingi mdomoni. Ndiyo maana mwishoni naunga pima moja ya nailoni nene. Kila nikishamtoa samaki napitisha kidole juu ya nailoni hiyo, kuanzia kwenye fundo hadi kwenye ndoano. Mara nyingi huwa imekwaruzika kama iliyopigwa msasa, nami huikata papo hapo na kufunga upya. Anayeona uvivu wa kufunga fundo jipya atampoteza samaki mkubwa, na huyo samaki ataondoka na ndoano mdomoni.

Kuhusu ndoano, anayeanza akumbuke kwamba nambari ikipanda, ndoano inapungua. Napenda ile iliyopinda ncha kuelekea ndani, karibu kuwa duara. Hiyo humshika samaki pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni, na samaki wa kurudishwa anarudi akiwa mzima.

* * *

Kurudisha ni jambo zito kuliko fimbo na rili. Kipimo kilichokubaliwa katika ziwa letu ni mbuta wa kati ya sentimita 50 na 85. Chini ya hapo wengi hawajazaa hata mara moja. Juu ya hapo ndio majike makubwa yenye mayai mengi. Kwenye ubao wa kukalia mashuani nimechora mistari miwili ya rangi nyekundu, na kila samaki analazwa hapo kabla ya neno lolote. Mvuvi wa ndoano anaweza kufanya hivyo samaki akiwa bado anahema. Kokoro linalokokotwa hadi ufukweni haliwezi, wala nyavu za nailoni nyembamba zinazonasa hata vifaranga.

Kwa sababu hiyo naandika bila kuzunguka: kanuni ya Uganda inayodai mashua isipungue futi 28 inamwonea mvuvi wa mshipi. Naielewa nia yake, kuzuia vyombo vidogo visivuruge mazalia ya samaki karibu na matete. Lakini tangu jeshi lilipopelekwa ziwani mwaka 2017 kusimamia uvuvi, vyombo vingi vidogo vimechomwa moto, na mwenye ndoano mbili amewekwa kapu moja na mwenye kokoro. Apimwe kwa zana aliyobeba na samaki aliyemtoa.

* * *

Chambo. Mbuta hamkatai kambare mdogo aliye hai, na kambare anahimili safari kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu. Ndiyo sababu anaweza kutoka kwenye vinamasi vya Tororo ndani ya dumu, nyuma ya bodaboda, akafika ziwani bado anapiga mkia. Inapendeza kuona kazi ya bodaboda, iliyoanzia hapa Busia kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani, sasa inavusha chambo. Nami nashika zaidi chambo cha bandia, samaki wa plastiki anayevutwa nyuma ya mashua kwa mwendo wa makasia. Injini naizima. Makasia hayatishi samaki, na petroli inabaki kwa safari ya kurudi.

* * *

Kijana mmoja aliniuliza kama Afrika Mashariki tuna bass, yule samaki ambaye Wamarekani wanampigania kwa mashindano. Yupo, Ziwa Naivasha, alikoletwa kutoka Marekani mwaka 1929. Mbuta si wa ukoo huo, ila naye ni mgeni hapa, aliyetiwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950 akitoka maji ya Ziwa Albert na Turkana, na fulu wa aina mamia wakapotea baada yake. Mbinu zinafanana: wote wawili huvizia, na wote hupenda kivuli cha mawe na magugu. Kwa uzito hawakaribiani. Rekodi ya bass ni kilo 10 na kidogo. Mbuta mkubwa kuliko wote aliyeandikishwa kwa fimbo, Ziwa Nasser kule Misri mwaka 2000, alikuwa na kilo 104.

* * *

Nimalizie na kifaa ambacho ukingoni sikukihitaji kamwe. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo wa pande zote huteremkia ziwani, hukutana katikati, na hewa yenye unyevu hupanda juu ikawa radi na dhoruba. Ndiyo sababu dhoruba kali za Victoria hupiga usiku na alfajiri, saa ambazo wavuvi wengi wako majini. Mtu anaweza kuondoka Sio Port nyota zikiwaka na asiione tena pwani ya kwao. Nimewaona vijana hodari wa kuogelea wakikalia jaketi la kuokolea maisha kama mto, wakisema watalivaa upepo ukianza. Upepo ukianza mikono yote miwili inahitajika kukumba maji na kushika kasia. Hakuna mkono wa kufunga vishikizo.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeweka akiba ya rili mpya, nunua jaketi kwanza. Livae ukiwa bado umesimama kwenye mchanga, ulifunge, na abiria asiye na la kwake mwache ufukweni.