Samaki ni Halali. Je, Mchuzi Wake?

Ndugu msomaji, wengi wetu wenye watoto na jamaa huko Marekani hudhani kuwa taabu ya chakula katika nchi zile ni nyama tu, na kwamba mtu akila samaki amekwisha salimika. Nami nilikuwa na dhana hiyo mpaka usiku mmoja katika mji wa San Francisco.

Shemeji yangu, aishiye huko kwa miaka mingi, alitualika mimi na mke wangu, ambaye ni dada yake, katika mkahawa wa samaki wa Wamarekani wenye asili ya Kitaliano. Tulijua kuwa alidunduliza fedha kwa ajili ya usiku huo. Mahali penyewe ni pa zamani, na pamechangamka kweli kweli: picha za wavuvi ukutani, watumishi wazee wakipaza sauti kuitana na watu wa jikoni, mabibi na wajukuu wamezunguka meza moja, na watu wazima wamefungwa vitambaa shingoni mfano wa watoto wachanga, ili mchuzi usiwachafue nguo.

Chakula chenyewe kiliwacho hapo huitwa cioppino. Asili yake ni ciuppin, mchuzi wa samaki wa pwani ya Genoa, kaskazini ya Italia. Wavuvi wa Kigenoa waliohamia San Francisco katika karne ya 19 walikwenda nao, wakautia vipatikanavyo katika bahari yao mpya: kaa wakubwa wa pwani ile, kamba, kome, ngisi na vipande vya samaki, pamoja na tungule, kitunguu thomu na mafuta ya zeituni. Husimuliwa kwamba mvuvi aliyerudi mtupu alikuwa akipita na sufuria, na kila mwenziwe akimtilia katika alichojaaliwa. Ikiwa ni kweli au si kweli, hadithi hiyo mvuvi wa Lamu au wa Pemba hataiona ngeni.

Shemeji alipotaka kutuagizia sufuria moja sote, nilimnong'oneza: "Shemeji, ndani ya mchuzi huu mna nini?"

Akacheka. "Shemeji nawe! Si samaki tu?"

Hapo haya zikanishika. Yeye ndiye mwenyeji wetu, gharama ni yake, na kumsaili mtumishi mbele yake niliona ni kama kumtuhumu. Nilikwisha kusudia kunyamaza. Aliyetuokoa ni mke wangu, ambaye alimwita mtumishi akamwuliza kwa upole.

Yule mzee hakukasirika hata kidogo. Alijibu waziwazi kwamba cioppino hupikwa kwa divai, na kwamba hata zile kome za kuokwa ziitwazo clams casino hutiwa nyama ya nguruwe juu yake. Kisha yeye mwenyewe akatuelekeza kwenye samaki wa kuchoma kwa mafuta ya zeituni na ndimu, akaenda kuhakikisha kwa mpishi, na aliporudi akaziondoa bilauri za divai zilizokuwa zimepangwa mezani petu.

Shemeji aliinamisha kichwa. "Miaka yote hii naunywa mchuzi huu," akasema, "wala sikuuliza hata siku moja." Dada yake akamtuliza kwamba asiyejua si sawa na ajuaye, lakini kwamba tangu usiku ule yeye naye ni katika wajuao.

Wako wasemao kuwa divai ikichemka huondoka yote. Sivyo. Vipimo vya Idara ya Kilimo ya Marekani vyaonyesha kwamba baada ya kuchemka dakika 15 pamoja na chakula, hubakia kiasi cha sehemu 40 katika 100 za kileo chake. Baada ya saa moja, 25. Na hata baada ya saa mbili na nusu, 5 bado zingalimo. Na mchuzi wa samaki haukai motoni muda huo wote, kwani samaki angevurugika.

Ama kaa, wanavyuoni wamekhitalifiana juu yake, na katika madhehebu yetu ya Shafii wako wengi wamzuiao. Msomaji na amwulize sheikhe wake.

Basi wazee mlio na vijana ugenini, pamoja na kuwausia swala, wausieni na kuuliza. Waulize kabla ya kuagiza, na waulize kwa adabu, kwani mwenye mkahawa haoni uzito kuulizwa kilichomo katika sufuria yake. Uzito tunao sisi. Haya ni sifa njema ya Mwislamu, lakini inayomfunga mtu ulimi asiulize yaingiayo tumboni mwake si haya, ni woga.

Usiku ule tulikula samaki tukashiba, na shemeji akalipa kwa furaha.

Wabillahi tawfiq.