Paka mwenye kuchagua chakula: tumbo yake inasema nini?



Mwezi huu tunaongea yulu ya paka. Najua wengine watauliza: shida za watu zimeisha, mpaka tuanze kuongea yulu ya paka? Hapana, hazijaisha. Lakini mu kambi zetu paka si pambo. Yeye njo anachunga sako ya unga, maana panya hawaogopi kufuli. Tena mara mingi yeye ni rafiki wa kwanza wa mutoto ndani ya nyumba. Kwa hiyo nitawaeleza yaliyotupata sisi wenyewe, hata kama mimi sikufanya vizuri mu habari hii.

Paka wetu anaitwa Bosi. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya kuchagua chakula. Ukimpa bukari, anainusa, anakutazama, anaenda zake. Ukimpa bukari na supu ya samaki, analamba supu, anaacha bukari. Maziwa anakunywa. Kapenta anakula mpaka anafunga macho. Kiisha anatapika. Siku zingine anaharisha nyuma ya mlango. Tena alianza kujikuna shingo na kichwa mpaka nywele zikatoka, ngozi ikabaki na vidonda.

Asubuhi moja nilirudi kutoka kazi ya usiku, nikavua viatu, nikalala. Saa ya kuamka naingiza mguu mu kiatu, nakuta matapishi. Nikakasirika sana. Nikasema: «Hii paka mwisho wake njo leo. Nitaiweka mu sako, nitaitupa kule ku pori.»

Binti yetu wa miaka 12 akaanza kulia: «Papa, hapana! Bosi haiko na kiburi, iko mugonjwa. Unipatie siku kidogo tu, miye nitaangalia ni nini inaiuma.»

Nilikuwa na usingizi, nikamwambia: «Sawa, mpaka mwisho wa mwezi.» Akachukua kaye ya zamani ya masomo, akageuza ukurasa mupya, akaanza kuandika.

Kosa ambalo tuliponea chupuchupu

Siku ya pili mama jirani alikuja na roho nzuri. Alituletea kipande cha kidonge cha parasetamoli, akasema: «Mumupe hii, inatulizaka tumbo ya batoto.» Bibi yangu alikuwa tayari anakisaga. Binti akasema: «Mama, tuulize kwanza.» Tukamwendea munganga wa nyama, yule tunayeita veterineri.

Wapendwa, shikeni neno hili hata kama mutasahau mengine yote: parasetamoli inaua paka. Ini ya paka haina nguvu ya kuvunja dawa hiyo sawa ini ya mtu. Damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo, uso unavimba. Kidonge kimoja tu kinatosha kumwua. Aspirini nayo ni hatari. Na dawa ya viroboto ya imbwa yenye perimetrini, usiipake paka hata kidogo. Kwa hiyo dawa ya watu, dawa ya watoto, dawa ya imbwa, zote ziache. Mbele ya kutoa dawa, uliza anayejua.

Je, paka anajivuna?

Jambo la kwanza tulilofunzwa ni hili: Bosi hakukataa bukari kwa kujivuna. Imbwa anaweza kuishi na vyakula vya kuchanganya, lakini paka ni mla nyama kabisa. Mwili wake unahitaji kitu kinachoitwa torini, ambacho kinapatikana mu nyama na samaki, hakipatikani mu unga wa mahindi wala wa muhogo. Mu mwaka 1975 wataalamu walionyesha kwamba paka akikosa torini macho yake yanaharibika. Na mu 1987 walionyesha kwamba hata moyo wake unachoka sababu ya ukosefu huo. Tena paka hawezi kutengeneza vitamini A kutoka kwa majani sawa sisi tunavyofanya na sombe au lengalenga. Kumlisha bukari tupu ni kumwua polepole. Kumbe yule tuliyemwita mchaguzi alikuwa anatafuta chakula chake.

Jambo la pili: paka aliyekuwa anakula vizuri, kiisha anaanza kunusa na kuacha, mara mingi kuna kitu kinamuuma. Labda ni jino, labda kichefuchefu, labda figo. Chunguza kinywa chake mbele ya kumtukana.

Tuanze na vitu vya kawaida

Wengi wakiona paka anatapika wanasema mara moja: «Iko na aleriji.» Aleriji ni kusema mwili unakipigania chakula kama vile ni adui. Inatokea kweli, lakini kuna sababu zingine zinazotokea mara mingi zaidi. Munganga alituambia tuzitoe njiani moja kwa moja:

1. Nyoka za tumbo (minyoo). Paka anayekula panya na mwenye viroboto anazipata. Bosi alipewa dawa ya minyoo kufuatana na kilo zake.

2. Viroboto. Vinaleta kujikuna sawa na aleriji ya chakula. Tuliosha matambara anayolalia na kutibu paka kwa dawa yake yenyewe.

3. Haraka ya kula na nywele. Paka anayemeza mbio anatapika chakula kizima. Anayejilamba sana anatapika fungu la nywele. Mpe chakula kidogo kidogo, mara tatu au ine kwa siku.

4. Mabaki ya mezani. Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya paka, hata vikipikwa. Samaki wa chumvi haimfai. Samaki mbichi wa aina zingine anaharibu vitamini B1 ndani ya mwili. Basi samaki apikwe, miiba itolewe.

5. Maziwa. Hapa njo tulishangaa. Picha zote za vitabu vya watoto zinaonyesha paka na sahani ya maziwa! Lakini paka mkubwa, mara mingi, hana tena nguvu ya kusaga sukari ya maziwa, inayoitwa laktozi. Inabaki mu tumbo, inavuta maji, anaharisha. Hii haina aleriji, ni tumbo kushindwa tu. Kinywaji cha paka ni maji safi.

Binti alifungua kaye yake. Siku 7 alikuwa ameandika: amekula nini, saa gani, ametapika ao hapana, choo ni kigumu ao ni maji, amejikuna wapi. Tulihesabu: siku tano za maziwa, mara ine aliharisha. Tukaacha maziwa. Nyuma ya siku tatu choo kikawa kizuri. Lakini kutapika kukabaki, na kujikuna pia.

Kujaribu kitu kimoja kwa mara moja

Sasa njo tukafikiria aleriji. Munganga alieleza kwamba kwa paka vyakula vinavyoshitakiwa zaidi ni nyama ya ngombe, samaki na kuku. Hii ni kwa sababu aleriji inakuja kwa kitu ambacho mwili umezoea kukutana nacho. Paka anaweza kula samaki miaka mitatu bila shida, na mwaka wa ine samaki akaanza kumuuma. Alama yake kubwa ni kujikuna kichwa na shingo. Wengine wanatapika na kuharisha pamoja.

Njia ya kuhakikisha haina sindano wala mashini, inaomba uvumilivu tu. Unampa paka nyama ya aina moja ambayo hajaikula hata siku moja, na maji, basi. Kwa majuma 8. Tumbo linaweza kutulia nyuma ya majuma mawili ao matatu, lakini ngozi inachelewa.

Tulichagua sungura, sababu kwetu hatukulaka sungura. Hapo majirani wakatucheka: «Batoto banakula kapenta, paka iko nakula lapin!» Neno hilo liliniuma, maana mshahara ulikuwa haujaingia. Binti njo alipata njia. Anajua baba mmoja anayefuga sungura na kuwauza kwa marestora. Kila siku ya posho alienda kumkatia majani na kusafisha vibanda. Yeye akampa vichwa, mioyo, mapafu na vipande ambavyo wateja hawataki. Bosi wetu ana kilo 4, gramu 150 hivi kwa siku zilimtosha. Tulipika bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu. Tukatoa mifupa yote, maana mfupa uliopikwa unavunjika sawa sindano na kutoboa tumbo. Ini tulimpa kidogo tu. Na ule mchuzi hatukumwaga, sababu sehemu ya torini inatokaka mu nyama na kuingia mu maji ya kupikia.

Tufahamiane: nyama tupu namna hii ni ya kipimo, kwa paka mkubwa. Haitoshi kwa maisha yote, na haifai mtoto wa paka. Yeye mumuulizie munganga.

Ginsi ya kumshawishi mchaguzi

Siku ya kwanza Bosi alinusa sungura, akageuka. Mtu angesema: «Umuache na njaa, atakula.» Hapana! Huo ni mchezo mubaya na paka. Akikaa siku mbili ao tatu bila kula, zaidi akiwa munene, mafuta ya mwili yanakimbilia ini na kuiziba, anaweza kufa. Saa 24 bila kula kitu chochote ni saa ya kumwona munganga.

Tulifanya hivi: tulichanganya chakula cha zamani na kipya, tukiongeza kipya kidogo kila siku, mpaka siku ya 8 sungura akabaki peke yake. Hapo njo tulianza kuhesabu majuma. Nyama tulimpa ikiwa na joto kidogo, sawa joto la mwili, ili harufu itoke. Sahani tuliosha kila mara, tukaiweka fasi ya kimya, mbali na choo chake. Kisichoisha mu nusu saa tulitoa.

Shida kubwa ilikuwa watu. Mutoto mudogo alimwangushia kapenta chini ya meza. Mama jirani alimwita kwa dirisha. Kipande kimoja tu kinaharibu kipimo. Ikabidi kuwaambia wote, na kumfungia Bosi ndani usiku ili asiwinde. Panya walifurahi majuma yale, sitaficha.

Juma la tatu kutapika kukaisha. Juma la saba nywele zilianza kurudi shingoni. Nyuma ya majuma 8 tukafanya hatua ambayo wengi wanaiacha: tulimrudishia chakula cha zamani, kimoja kimoja. Ngombe kwanza, siku 14: hakuna shida. Kiisha kapenta. Siku ya ine akaanza kujikuna, siku ya tano akatapika. Tukaacha kapenta, akatulia tena. Bila hatua hii hatungejua kama ni samaki ao ni bahati tu. Leo Bosi anakula vipande vya ngombe, mapafu, moyo, na panya wake. Samaki, hapana.

Saa ya kukimbia kwa munganga

Musingoje kaye wala juma la pili ukiona: damu mu choo ao mu matapishi; kutapika mara mingi siku moja; ngozi ya mgongo ukiivuta inabaki imesimama, maana maji yameisha mwilini; macho ao ufizi kuwa wa manjano; anakonda mbio; amemeza uzi ao sumu ya panya. Na paka dume anayechuchumaa, anajikaza na hakuna kinachotoka, usidhani ni choo kigumu tu. Labda mkojo umeziba. Hiyo inaua mu siku moja ao mbili.

Kwa usalama wa watu: osha mikono na sabuni nyuma ya kugusa choo cha paka. Mama mwenye mimba asisafishe choo hicho, mwingine amsaidie, sababu kuna ugonjwa unaoweza kumwingia mutoto tumboni. Na paka achanjwe kwa ugonjwa wa imbwa wa kichaa. Paka naye anauleta. Akikuuma, osha kidonda na maji mingi na sabuni kwa dakika 15, kiisha nenda hospitali siku ile ile.

Vijana, kaye ile tungali nayo. Ndani yake hakuna maneno ya ajabu: siku, chakula, kilichotokea. Mimi baba wa nyumba niliona matapishi mu kiatu, nikatoa hukumu. Mutoto wa miaka 12 aliona kitu kile kile, akauliza sababu. Alibadilisha kitu kimoja kwa mara moja, akangoya, akaandika. Kama ningemfuata mwenye hasira, paka angekuwa ku pori, panya mu unga, na binti yangu angejua kwamba kwa baba yake mugonjwa anatupwaka.

Siku ile kipimo kilipoisha nilimwambia: «Mama, ulikuwa na haki. Unisamehe.» Akacheka: «Papa, umuombe Bosi musamaha.» Nikamwomba. Alinitazama, akanusa mkono wangu, akaenda zake. Hiyo kuchagua, haina dawa.