Upatano Kwanza, Nguvu Baadaye

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana bwenini, katika chumba cha walimu, na hata nyumbani kwa wazazi wetu. Katika mkutano wa wazazi wa muhula ujao litaletwa ombi la Chama cha Kompyuta, ya kwamba tupewe fedha tununue vyombo kimoja kimoja na kuunga wenyewe kompyuta ya mezani kwa ajili ya maktaba, badala ya kununua iliyokwisha kuungwa. Wako wanaotuunga mkono, na wako wanaosema kuwa watoto watachezea fedha za watu. Mimi ni mwanachama, nami nasema ombi likubaliwe. Lakini nasema pia kwamba, kwa jinsi wenzangu wengi wanavyolizungumza jambo hili, wazazi wana haki ya kuogopa.

Mazungumzo yote ni ya nguvu. Huyu ataka prosesa ya i7, yule ataka ramu ya GB 32, na wa tatu ataka kasha lenye taa za rangi zinazowaka na kuzimika kama ukumbi wa harusi. Sijamsikia hata mmoja akiuliza kama vitu hivyo vitakubaliana. Maktaba haihitaji mtambo wa kujisifia. Yahitaji mtambo utakaowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni, kila siku ya masomo, bila ya kuganda wala kujizima katikati ya kazi ya mtu.

Sisi tunaotoka Makambako tumekulia karibu na reli. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikakabidhiwa mwaka 1976, na nafasi baina ya pau zake mbili ni milimita 1,067. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Reli mpya ya SGR, ambayo ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, ina milimita 1,435. Tazameni hizo mbili za kwanza: tofauti yake ni milimita 67 tu, haifiki upana wa kiganja cha mtu mzima. Hata hivyo behewa la huku haliwezi kwenda kule, na ndiyo sababu huko Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, ilibidi kujengwe kituo cha kuhamishia mizigo. Behewa halina kosa, wala reli haina kosa. Tena waliojenga TAZARA hawakuchagua kipimo chao kwa kubahatisha. Walitaka mabehewa yapite moja kwa moja mpaka Zambia na katika reli za kusini, ambazo zina kipimo hicho hicho. Walitazama kwanza wataungana na nani, ndipo wakapima.

Mwenye kuunga kompyuta naye yampasa aanze hapo. Chombo cha kwanza kukifikiria ni mazabodi, lile bamba kubwa ambalo vyombo vingine vyote huchomekwa juu yake. Prosesa hukaa katika tundu la mazabodi, na kila tundu lina jina lake. Watu wengi hudhani ya kuwa jina la tundu likilingana na la prosesa basi kazi imekwisha. Haikwisha. Intel walitoa tundu liitwalo LGA1151 mwaka 2015 kwa prosesa za kizazi cha 6, kisha likatumika kwa kizazi cha 7. Mwaka 2017 wakatoa kizazi cha 8, na tundu lake nalo likaitwa LGA1151, lina pini 1,151 vile vile, na prosesa hukaa ndani yake vizuri kabisa. Lakini ukiweka prosesa ya kizazi cha 8 katika mazabodi ya kizazi cha 6, haiwaki. Mnunuzi hutazama pini, huhesabu, huridhika, hulipa. Akifika nyumbani hubonyeza swichi, feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi.

Kwa upande wa AMD mambo ni nafuu kidogo, maana tundu lao la AM4 lililotoka mwaka 2016 lilitumika kwa vizazi kadhaa. Lakini mazabodi ya zamani ya AM4 haiitambui prosesa mpya mpaka iwekewe bayosi mpya, na mazabodi nyingi za namna hiyo haziwezi kuwekewa bayosi mpya mpaka ziwe na prosesa ya zamani inayowaka. Hapo fundi hubaki amekaa katikati.

Ramu nayo ina mtego wake. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila ule mwanya mdogo uliokatwa ukingoni haupo mahali pamoja, kwa hiyo moja haiingii katika nafasi ya nyingine. Ajabu ni kwamba prosesa za Intel za kizazi cha 12 mpaka cha 14 zinaweza kutumia namna zote mbili. Mazabodi ndiyo inayoamua, nyingine ni za DDR4 na nyingine ni za DDR5. Haifai basi kumwambia muuzaji, “Nipe ramu ya kizazi cha 12.” Hakuna kitu kama hicho. Yafaa kumtajia mazabodi kwa jina lake lote, mpaka herufi ya mwisho. Na kwa kuwa nimetaja herufi: prosesa ya Intel ambayo namba yake yaishia kwa F haina sehemu ya kutoa picha. Bei yake huwa ndogo kidogo, na kijana hufurahi, lakini kadi ya picha atakayolazimika kuinunua yaweza kumeza akiba hiyo yote na zaidi.

Sasa nije kwenye chombo ambacho hakuna anayekizungumza, nami nakiona kuwa ndicho roho ya jambo hili. Ni pawasaplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa kulisha vyombo vya ndani.

Baba yangu mdogo ana duka la steshenari Makambako, hutoa kopi, huchapa barua, na huwasaidia vijana kujaza fomu za kuomba mikopo ya elimu ya juu. Aliungiwa kompyuta na muuzaji mmoja, prosesa nzuri, ramu ya kutosha. Ikawa kila mara printa ya leza inapoanza kuchapa, kompyuta hujizima na kuwaka upya. Binti mmoja wa mtaani kwetu, ambaye mama yake huuza viazi stendi, alikuja mara tatu kwa fomu ile ile ya mkopo. Mara mbili vyeti vyake vyote vilikwisha kuingizwa, na kabla kazi haijatunzwa mtambo ukazima. Siku ya kufunga maombi ilikuwa imekaribia, na kila safari alilipia huduma. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi akakataza mtu yeyote asichape chochote mpaka amalize. Alifaulu, lakini hiyo si namna ya kufanya kazi.

Wakubwa walisema ni virusi, wengine wakasema ni umeme wa Makambako. Fundi aliyekuja baadaye alifungua kasha akasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawasaplai. Kwa maandishi makubwa imeandikwa wati 500. Kwa maandishi madogo, kwenye mstari wa volti 12, imeandikwa ampea 18. Zidisheni wenyewe: 12 mara 18 ni wati 216. Prosesa na kadi ya picha hula katika mstari huo wa volti 12, basi zile wati 500 zilikuwa za kupamba karatasi. Tena printa ya leza ilikuwa katika waya mmoja wa ekstensheni na kompyuta, nayo inapopasha moto kifaa chake cha kuyeyushia wino wa unga huvuta umeme mwingi kwa ghafula, volti zikashuka kidogo. Pawasaplai nzuri ina akiba ya kuvuka upungufu wa kitambo kidogo kama huo. Ile haikuwa nayo. Ilibadilishwa, printa ikapewa tundu lake ukutani, na tangu hapo mtambo haujajizima. Prosesa ni ile ile.

Kwa hiyo ninaposikia mwenzangu akisema tupunguze fedha za pawasaplai tuongeze za prosesa, sikubali hata kidogo. Tena nyingine zina swichi ndogo nyekundu nyuma yenye 115 na 230. Hapa kwetu lazima iwe 230. Ukiisahau kwenye 115 utasikia mlio na kunusa harufu, na fedha za wazazi zimekwenda. Plagi nayo iwe ya miguu mitatu na mguu wa tatu ufanye kazi kweli, si kama zile tunazoziona zimekatwa ili ziingie kwenye tundu la miguu miwili.

Labda mzazi atauliza, “Kwa nini tusinunue tu zile kompyuta za ofisini zilizotumika?” Nakiri kwamba ni swali zuri. Zilibuniwa kiwandani zikiwa kitu kimoja, vyombo vyake vinapatana, na kwa mtu wa kuchapa barua nyumbani ningemshauri anunue hiyo bila kusita. Shida huja siku ya kuharibika. Kompyuta ya kawaida yenye kipimo cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995, siku hizi huwa na kichomeo kikubwa cha pini 24. Lakini Dell OptiPlex 7020, mathalani, ina kichomeo cha pini 8 kwenye mazabodi yake, na pawasaplai ya kawaida haiingii mpaka utafute waya wa kugeuzia. Huo utaupata wapi hapa Njombe katikati ya wiki ya mitihani? Utaagiza Dar es Salaam, usubiri basi. Shule yenye kompyuta moja ya maktaba haiwezi kusubiri hivyo. Yahitaji vyombo ambavyo fundi yeyote wa Njombe au Makambako aweza kuvibadilisha kwa kingine cha kipimo kile kile.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji ni programu. Windows 10 ilikoma kupewa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa orodha ya wenyewe Microsoft, huanza takriban na prosesa za Intel za kizazi cha 8 na yataka kilinzi kiitwacho TPM 2.0. Prosesa ya kizazi cha 4 ni rahisi sana sokoni, na sasa tunajua sababu moja. Mimi sioni aibu ya kuweka Linux, kwa maana kuandika, kusoma na kupiga hesabu hufanyika humo vizuri. Ila iamuliwe kabla ya kununua, si baada ya hapo.

Juu ya baridi yetu ya Njombe nimesikia hoja ya kuchekesha, ya kwamba hapa hakuna haja ya feni. Ni kweli mwezi wa Juni na Julai maji ya kunawa hutuuma mikono, na hewa baridi husaidia kupoza. Lakini mji wetu uko karibu meta 2,000 juu ya bahari, na hewa ya juu ni nyepesi, haichukui joto sawasawa na ile ya pwani. Feni iwepo, na kasha liwe na chujio la vumbi, hasa likipelekwa Makambako kwenye upepo ule. Na mtambo uliosafiri usiku kwenye buti la basi usiwashwe mara tu unapoingizwa katika chumba chenye joto; uachwe saa kadhaa unyevu ukauke.

Basi naomba wazazi watupe fedha kwa masharti, nami nitakuwa wa kwanza kuyatii. Tusinunue hata msumari mpaka orodha nzima imeandikwa kwa majina kamili, na mwalimu wetu ameilinganisha na orodha ya prosesa na ramu ambayo watengenezaji wa mazabodi huitoa. Ramu zinunuliwe mbili za jozi moja, si moja leo na nyingine muhula ujao. Muuzaji aandike kwenye risiti kwamba atabadilisha kisichopatana. Na mtambo ukisha kuungwa, kabla ya kupelekwa maktaba, ramu yake ijaribiwe usiku kucha kwa programu ya Memtest86+, na asubuhi matokeo yabandikwe mlangoni ambapo kila mtu atayaona, hata yakiwa mabaya.

Orodha nimekwisha kuianza. Ina mistari kumi na miwili. Wa kwanza ni mazabodi, wa pili ni pawasaplai, na mbele ya neno prosesa nimeacha nafasi tupu mpaka tujue ni mazabodi gani itakayopatikana. Mwenye kutaka kuisahihisha atanipata maktaba kila Jumatano baada ya vipindi.