Kuahirisha safari ya mlimani si upungufu wa imani

Miezi hii ya vuli, Oktoba hadi Desemba, ndiyo pia miezi ambayo makundi yetu ya kanisa hupenda kupanda milima. Kwaya inatafuta mandhari ya video, vikundi vya maombi vinatafuta utulivu, na wanaorudi Upare kwa Krismasi wanatamani kuwaonyesha wageni wao Shengena, kilele cha mita 2,462 kilicho ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome. Ni jambo jema. Bwana wetu mwenyewe alizoea kupanda mlimani kuomba. Lakini kuna usemi unaonikwaza katika safari hizi, na leo nausema wazi: "Tumeshaomba, mvua haitatugusa."

Anayesema hivyo mara nyingi anasimama stendi ya Same, jua likiwaka. Same inadanganya. Mji upo kwenye tambarare kavu, nyuma ya milima, na upepo wenye unyevu hutoka upande wa pili, Bahari ya Hindi. Unagonga miteremko ya mashariki, unapanda, unapoa na kumwaga maji yake huko huko. Ukivuka kuja Same umebaki mkavu. Kwa hiyo vumbi linaweza kutimka mjini wakati watu wa Mamba na Gonja wamejifunika makoti ya mvua.

Tena kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa nyuzi kama 6. Kijana aliyetoka Same na tisheti na kandambili atakutana kileleni na baridi ya nyuzi karibu 10 chini ya ile aliyoiacha, na akilowa huku upepo ukivuma, mwili unaanza kutetemeka na akili kulegea. Ukungu ukishuka msituni, njia uliyopandia huioni. Radi nayo hupenda vilele na miti mirefu. Na korongo ulilolivuka asubuhi kwa kuruka mawe linaweza kujaa jioni bila tone moja kukuangukia, kwa sababu mvua imenyesha juu yako.

Katika Luka 12, Yesu anawaambia makutano kwamba wanajua sana kusoma mbingu: wakiona wingu upande wa magharibi, wanasema mvua yaja, na kweli yaja. Kule Palestina bahari ipo magharibi. Mtu wa Same akilichukua andiko hilo kama utabiri wake na kutazama magharibi, atasubiri sana! Wingu lake linatoka mashariki. Yesu aliwakemea watu wale kwa kuwa waliweza kusoma wingu wakashindwa kuusoma wakati wao. Hakuwakemea kwa kulisoma wingu. Alichukulia kwamba mtu mwenye akili timamu hulisoma. Sisi tumegeuza mambo: tunajisifu kuusoma wakati wa kiroho, na wingu tunalikemea kwa jina la Yesu.

Geuza ukurasa kidogo tu, mwanzo wa Luka 13, utakuta mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18, na Yesu akikataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Nalitaja hili kwa makusudi. Novemba 2009 maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 20 katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, wilayani Same. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliishukia Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Wale walikuwa makwao. Mtu asiniletee mahubiri ya kwamba kulikuwa na dhambi pale. Lakini kundi linalopanda mlima kwa hiari, likiwa limeonywa, haliko katika hali ya watu wa Goha. Lina nafasi ya kuchagua, na kiongozi wake anabeba watoto wa watu.

Andiko linalofaa zaidi kwa kiongozi huyo ni Matendo 27, na nashangaa kwa nini halisomwi kabla ya safari. Paulo yupo merikebuni, mfungwa, na siku ya Mfungo imepita. Maana yake ni majira ya vuli ya Bahari ya Kati, wakati mabaharia wanajua bahari imeanza kuwa mbaya. Anaonya kwamba wakiendelea watapata hasara. Akida Yulio anamsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu, na walio wengi wanataka kuondoka. Kisha unavuma upepo mwanana wa kusini, wanaona mambo yamenyooka. Ule upepo mwanana ndio jua la stendi ya Same.

Sasa angalia jambo hili. Bwana alikuwa amekwisha kumwahidi Paulo kwamba atamshuhudia Roma. Imeandikwa katika Matendo 23. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "Twendeni tu, mimi siwezi kufa njiani", ni yeye. Hakusema. Mwenye ahadi ndiye aliyekuwa anahesabu majira, na wasio na ahadi ndio waliokuwa na haraka. Watu wote 276 waliokoka, ndiyo, lakini baada ya siku 14 za hofu, wengine wakifika Melita juu ya mbao. Merikebu na shehena vilipotea, kama alivyowaonya.

Kwa hiyo naomba kila kundi litakalopanda msimu huu lipange saa ya kugeuka kabla halijaondoka, na limteue mtu mmoja ambaye akisema "turudi", hakuna wa kumbishia, hata mchungaji. Likodi mwongozo wa eneo hilo. Liulize wenyeji wa juu, hasa wazee wanaosimamia ndiva, yale mabwawa ya kienyeji ya kumwagilia. Hao kazi yao yote ni kujua maji yanatoka wapi na lini. Makoti na sweta ziwe ndani ya begi hata kama Same kuna joto.

Na kwa viongozi wa makanisa yetu ya Same, iwe KKKT, Katoliki, au Waadventista ambao matangazo yao hutolewa Jumamosi: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli kabla msimu haujaanza, kisha tahadhari za mvua kubwa siku hadi siku. Matangazo yetu ya ibada, tukubaliane, si mafupi. Tunasoma ndoa, michango, mnada wa mbuzi na ndizi, na wageni kutoka Dar es Salaam wanasimama kupigiwa makofi. Tahadhari ya TMA haizidi sentensi mbili. Isomwe kabla ya mnada, watu wakiwa bado wamekaa.