KENGELE YA MOSHI NI SEHEMU YA NYUMBA



Mfanyakazi wa Kenya akiwa kazini ana sheria ya kumlinda na moto. Kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto zamtaka tajiri aweke vyombo vya kuzimia moto na njia za kutokea. Jioni mfanyakazi huyo huyo hurudi kwenye chumba chake cha kupanga hapa Runyenjes, hufunga mlango kwa komeo, hulala na watoto katika futi kumi kwa kumi, na hana kitu cha kumwamsha moto ukizuka. Sisi twaona jambo hili si haki. Kengele ya moshi ni sehemu ya nyumba kama mlango na kufuli, na mwenye kupangisha ndiye impasaye kuiweka.

Twajua wengine watacheka na kusema kengele hizo ni za hoteli za Nairobi. Lakini moshi hutangulia moto, na harufu yake haiaminiki kumwamsha mtu aliyelala. Sauti kali humwamsha. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, katika Nyeri, upande wa pili wa Mlima wetu, bweni la shule ya Hillside Endarasha liliungua na wavulana 21 wakafa. Hatusemi kwamba kengele peke yake ingewaokoa. Twasema aliyelala hawezi kukimbia mpaka kwanza ameamka.

Zinazouzwa ni namna mbili. Moja ina chembe ndogo sana ya madini yenye mnunurisho, nayo huwahi kutambua moto wa ndimi kali. Ya pili ina mwali wa taa ndani yake. Moshi ukiingia hutawanya mwanga, na kengele hulia. Hii ya mwanga huwahi moto wa kufukiza, kama wa godoro la sponji au blanketi lililoangukiwa na kaa, na tena hailii ovyo kama ile ya kwanza mtu akipika. Kwa vyumba vyetu twashauri ya mwanga, tena ya betri, maana stima ikikatika ndipo mishumaa na koroboi huwashwa. Kabla ya kutoa pesa itazame kama imeandikwa EN 14604, kisha bonyeza kifungo cha kujaribu pale pale dukani. Muuzaji asikie kelele yake, hapana neno.

Kuiweka ndiko kunakowashinda wengi. Moshi hupanda, basi mahali pake ni juu, karibu na pale watu wanapolala. Ukiipigilia ukutani, iwe chini ya dari kwa sentimita 10 mpaka 30, wala usiibane kwenye kona, kwa kuwa hewa ya huko haitembei. Nyumba zetu nyingi hazina dari, ni mabati matupu. Usiifunge kwenye bati lenyewe. Bati likipata jua hewa ya moto hukaa chini yake na kuuzuia moshi usifike juu. Funga kibao kwenye upau, chini kidogo ya kilele cha paa, na kengele uifunge hapo.

Iwe mbali na jiko kwa mita 3 angalau. Hapa mtasema, nanyi mna haki, kwamba chumba chenyewe hakizidi mita 3! Ikikaa karibu na jiko italia kila chapati zikichomwa, na kabla ya Jumapili betri zake zitakuwa ndani ya redio. Kwa hiyo iwe upande wa kitanda, na kupika kuwe barazani au mlangoni. Pasipowezekana kabisa, ipo kengele ya joto, isiyojali moshi. Kule Cape Town, Afrika ya Kusini, wavumbuzi wa Lumkani walichagua ya joto mwaka 2014 kwa vibanda vya mabati, kwa sababu hii hii ya moshi wa kupikia.

Ibonyezwe kifungo kila mwezi, ifutwe masizi, na ikitimiza miaka 10 itupwe. Ikitoa mlio mfupi mara kwa mara, yaomba betri.

Kuna jambo moja la hatari zaidi. Baridi ya Julai ikishuka kutoka Mlimani, watu huingiza jiko la makaa ndani na kuziba kila tundu. Makaa yale hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, na kengele ya moshi haiitambui. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, hudhani ni malaria, hulala na haamki. Kengele ya gesi hiyo ni nyingine, yenye namba EN 50291. Lakini hata ukiwa nayo, jiko la makaa lilale nje. Hilo halihitaji senti hata moja.

Sasa juu ya gharama. Katika Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2015, mwenye nyumba ya kupanga amelazimishwa kuweka kengele ya moshi katika kila ghorofa. Wapangaji wa kule hawalali usingizi mzito kuliko sisi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au posho ya nyumba. Twataka katika mapatano yajayo neno hilo “ya kufaa” liandikwe pamoja na kengele ya moshi, na kwa wanaopokea posho, bei yake ihesabiwe ndani ya posho.

Kila mjumbe alete kwenye mkutano wa tawi hesabu ya vyumba wanavyolala wanachama wake, vingapi vina dari, vingapi ni mabati matupu, na katika vingapi watu hupikia ndani. Bila hesabu hiyo tutaambiwa mezani kwamba twakisia.