Kichwa Chetu, Mzaha Wetu

Jamani, hili tuliseme wazi. Mtu anayeumwa kichwa siku nenda siku rudi ana haki ya kuvaa nguo ya kuchekesha juu ya kichwa chake mwenyewe. Kuna wakubwa na wafanyakazi wa mashirika wanaotuambia eti tunafanyia ugonjwa mzaha. Sisi tunakataa.

Kwanza, maumivu haya hayaonekani. Ukivunjika mguu unafungwa plasta, na kwenye foleni watu wanakupisha. Kichwa kikipasuka ndani, nani ataona? Hapa Bandari ya Bujumbura, inakoshushwa mizigo ya Kigoma na Mpulungu, kijana mwenzetu anayebeba magunia akikaa kivulini kidogo, tayari ameitwa mvivu. Kambini, mama akikosa mkutano, eti anajifanya. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 matatizo ya maumivu ya kichwa yaliwagusa watu bilioni 3.1, karibu asilimia 40 ya watu wote. Hao wote ni wavivu?

Pili, kusema kwa nguo si kitu kigeni kwetu. Mama wa pwani akijifunga kanga yenye maneno, jirani amesikia, na hakuna aliyegombana.

Tatu, lugha. Kwenye lundo la mitumba unaweza kukuta tisheti yenye mzaha wa kichwa kwa Kiingereza. Anayeivaa haelewi, anayeitazama haelewi. Hapa Burundi mitumba tunaiita caguwa, neno la Kiswahili hilo: chagua. Sasa hapo tumechagua nini? Rangi na saizi. Maneno walishachagua wengine.

Sisi tunataka tisheti inayosema kama tunavyosema nyumbani: "Kichwa iko inaniuma, siko muvivu." Au: "Pole pole, humu ndani kuna ngoma." Mtu atacheka, halafu atauliza, halafu atapunguza sauti ya redio. Hotuba ngapi zimefanya hivyo?

Ila mwenye kichwa ndiye achague. Msimvalishe mtu mzaha asioutaka ili mpate picha ya mradi.

Na tisheti si dawa. Anayeumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, ana maumivu sugu. Kumpa parasetamoli na kumwambia "rudi nyumbani" haitoshi, kwa sababu vidonge vya maumivu vikimezwa karibu kila siku vinaweza vyenyewe kuleta kichwa kingine. Huyo anahitaji mtu wa kumsikiliza, kumpima na kumfuatilia.

Basi ndugu zetu wa mashirika, leteni tisheti nyeupe na rangi. Maneno tunayo. Na mkishamaliza kucheka, mpeni mwenye tisheti nafasi ya kumwona daktari.