Tablete inaondoka na mradi, telefone inabaki

Wandugu wanakoperative, siku hizi katika komite nyingi swali ni moja: tununue tablete ao telefone ya Android? Wengine wanajibu kwamba tungoje tu, juu mradi utakuja na tablete za bure. Mimi naona hivi: koperative inunue telefone yake yenyewe, hata moja tu, na ishike yenyewe liste ya wanamemba na mashamba yao. Tablete ya mradi ikija, tuipokee na tuseme asante. Lakini tusiitegemee.

Tuangalie kwanza soko limeenda wapi. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha santimetre 9 hivi kutoka pembe hadi pembe. iPad ilipotoka mwaka 2010 na kioo cha karibu santimetre 25, watu wengi waliamini kwamba tablete itafukuza kompyuta. Haikuwa hivyo. Telefone ndizo zilizokua: leo nyingi, hata za bei ya chini, ziko na kioo cha santimetre 16 ao zaidi. Kazi nyingi zilizoomba tablete, sasa telefone inazifanya. Tablete inabaki na faida yake, kama vile kuonyesha kundi la wakulima picha ya kutu ya majani ya kahawa. Lakini kwa koperative yenye uwezo wa kununua chombo kimoja tu, faida hiyo haitoshi.

Juu ya nini? Kioo kikipasuka, telefone inayouzwa sana sokoni iko na fundi Bukavu, Butembo, hata kwenye sentre ndogo. Tablete ya aina isiyojulikana hapa, kipande chake kinaagizwa mbali. Batri yake pia ni kubwa, na plake ndogo ya jua inachukua muda mrefu zaidi kuijaza. Tena telefone inaingia mfukoni mvua ikianza, na ndiyo hiyo inayopokea malipo ya M-Pesa ao Airtel Money.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria juu ya mazao yanayoharibu pori. Kahawa na kakao ziko ndani. Mnunuzi wa Ulaya atapaswa kuonyesha kwamba zao halikutoka kwenye shamba lililokatwa porini nyuma ya tarehe 31 Desemba 2020, na kuonyesha mahali kila shamba liko. Shamba la ektari 4 ao chini linaweza kuonyeshwa kwa pointi moja ya GPS, yaani namba mbili zenye tarakimu sita nyuma ya koma. Likipita ektari 4, inaomba kuzunguka mpaka wote. Tarehe ya kuanza kutumia sheria hii imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini hiyo si sababu ya kulala.

Hapo ndipo naona hatari. Mnunuzi ao mradi unatuma vijana na tablete, wanapima mashamba yote, kisha wanaondoka. Mwaka unaofuata anakuja mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri, naye anaomba zile pointi. Koperative haiko nazo. Inabaki kuanza kazi upya, ao kuuzisha kwa yule wa kwanza kwa bei anayotaka. Mashamba ni yetu, jasho ni letu, lakini liste iko mikononi mwa mwingine.

Kwa hiyo, mbele ya kukubali tablete ya mtu, komite iandike naye kwenye karatasi: pointi zote zitaachwa kwa koperative, moja ndani ya telefone yetu, moja imepigwa kwenye karatasi na kufungwa ndani ya sanduku la sekreteri. Na tujue kwamba kupima tunaweza wenyewe. GPS ya telefone inasoma satelite, haiombi rezo wala inite. Simama katikati ya shamba, mahali penye uwazi, ungoje dakika chache namba zitulie, kisha andika pia kwenye kaye. Chini ya miti minene ya kivuli, kosa linakuwa kubwa zaidi.

Mukinunua telefone iliyotumika, muangalie Android yake ni ya ngapi. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp haikubali tena Android iliyo chini ya 5.0, na programu zingine zinafuata njia hiyo hiyo. Bei ndogo ya leo inaweza kuwa hasara ya kesho.

Najua jibu la wengine: wanamemba wengi wako na telefone ya vibonye, sasa Android ni ya nani? Swali ni la haki. Telefone ya vibonye haitatoka kijijini kesho, juu batri yake inashika siku nyingi na bei yake inawezekana. Basi bei ya kilo ikibadilika, tangazo lipite kwa SMS na kwenye ubao wa depo, lisibaki WhatsApp peke yake. Na telefone ya koperative isigeuke mali ya prezida. Iandikwe kwenye kitabu cha vifaa, na watu wawili wajue kode yake, mmoja awe mama.

Katika mkutano mkuu unaokuja, kila mwanamemba aulize komite yake maswali mawili: liste ya mashamba yetu iko wapi, na nani anaweza kuifungua leo? Kama jibu ni «iko kwa mradi», kazi ianze wiki hiyo hiyo, wakati mradi ungali hapa.